Hewa Iliyopigwa Mnada: Mjadala wa Igoma

Miongoni mwa mali ambazo dola huzigawa pasipo raia wengi kutambua kwamba zinagawiwa, masafa ya redio ndiyo yaliyofichika kuliko zote, maana hayana bikoni wala uzio, hayaonekani kwa jicho wala hayashikiki kwa mkono, na walakini hakuna simu inayoita Igoma, wala redio inayosoma habari Kisesa, wala ndege inayotua uwanja wa Mwanza, ila mtu fulani ofisini amekwisha kuamua kwamba wimbi la kadiri hii ni la huyu na la kadiri ile ni la yule. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo inayoiongoza Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, katika kazi hiyo; kanuni za masafa zikatungwa chini yake mwaka 2011, zikaandikwa upya mwaka 2018; na kwa kuwa Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa mwaka 2023 uliyapanga tena baadhi ya mafungu, na mkutano mwingine unatazamiwa mwaka 2027, kalamu haina budi kushikwa tena. Nani aandikiwe kwanza? Hapo ndipo wazungumzaji wangu wanapofarakana.

Nimewaketisha Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma, wala sikuwapeleka katika ukumbi wa hoteli mjini, kwa sababu Igoma ndiko yaliko makaburi ya wengi waliokufa maji katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na mtu anayejadili mawimbi ya hewani jirani na makaburi hayo hupungukiwa na ile jeuri ya kunena kwamba jambo hili ni la biashara peke yake. Wazungumzaji ni wanne, na majina sikuwapa, maana kila mmoja amebeba rai za watu wengi: Wakili, aliyesomea sheria za mikataba, Mhandisi, mwanamke aliyepandisha minara ya kampuni za simu katika mikoa ya ziwa, Nahodha, mzee aliyestaafu vyombo vya abiria, na Fundi, kijana ambaye meza yake ya kazi imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Wa tano alifika pasipo kualikwa, nami nitamtaja atakapofika.

WAKILI: Mabibi na mabwana, naanza na lisilo na ubishi. Kitu kilicho haba kinachotakiwa na wengi hakina ila njia tatu za kugawiwa: kupewa aliyetangulia, kupewa apendwaye na mkubwa, au kupewa anayelipa zaidi mbele ya macho ya watu. Njia ya kwanza ilitawala zama za mwanzo wa redio. Ya pili imezaa hongo katika mataifa mengi. Na ya tatu, ambayo mwanauchumi Ronald Coase aliitetea mwaka 1959 hata wakubwa wa Marekani wakamuuliza kama anafanya mzaha, imekuwa desturi ya dunia tangu New Zealand ilipoitungia sheria mwaka 1989, na Marekani wenyewe wakaifuata mwaka 1994. Sisi nasi mwezi wa Oktoba 2022 tuliweka mezani mafungu ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, na kampuni za simu zikayanunua kwa dola za Marekani zipatazo milioni 187. Fedha hiyo imeingia katika mkoba wa umma, kwa mnada wa wazi, bila mtu kunong'onezana na mtu. Nani atasema hapo pana dhuluma?

FUNDI: Shikamoo, mzee wangu. Mnada siupingi, maana mimi pia nisingependa hewa igawiwe kwa mjomba na shangazi. Neno langu linahusu siku ya pili yake. Tazama historia ya hilo fungu la 700 ulilolitaja: lilikuwa la televisheni. Mwanza tulizimiwa mitambo ya analojia tarehe 28 Februari 2013, miezi miwili baada ya Dar es Salaam, na kila nyumba iliyotaka kuendelea kuona picha ikanunua king'amuzi kwa fedha yake. Marekani walipofanya jambo hilohilo, serikali yao iliwapa wenye nyumba kuponi za dola 40 wanunulie vifaa. Hapa mama wa Igoma alijilipia mwenyewe kuhama katika masafa, ili masafa yale yapate kuuzwa. Basi na tuseme alifanya hisani kwa taifa lake. Ndugu zake walioko kambi za dagaa visiwani wanapoinua simu na kukuta haina mtandao, ilhali fungu lenyewe limeuzwa na mnunuzi hajaliwasha kule, wamwulize nani?

WAKILI: Wamwulize mwenye leseni. Leseni zina masharti ya kufikisha huduma.

FUNDI: Zina masharti, nakubali, ila masharti ya namna hiyo, si kwetu tu bali duniani kote, aghalabu hupimwa kwa asilimia ya watu. Ukifikia Mwanza mjini, Geita na Bukoba umekwisha kupata watu, na asilimia yako inapendeza katika ripoti. Mvuvi anayelala majini hahesabiwi popote, maana hesabu ya watu humkuta nyumbani kwake na mtandao humkosa kazini kwake. Katika ardhi tuna Sheria Namba 4 ya mwaka 1999: ukipewa kiwanja Nyamagana ukakiacha bila kukiendeleza, kinyume cha masharti, umiliki wako waweza kubatilishwa. Kwa nini kiwanja cha hewani kiwe na heshima kuliko cha Buhongwa?

Hoja hii ya kiwanja, nakiri, ilinivutia. Na ningaliipokea mara moja lau Mhandisi asingaliitikia kwa kicheko cha mtu aliyekwisha kubeba saruji kwa mtumbwi.

MHANDISI: Fundi mdogo wangu, kiwanja cha Buhongwa unakifikia kwa daladala. Mnara wa kisiwani haufiki kwa daladala. Nondo, saruji, betri na sola hupakiwa chomboni, hushushwa mwaloni kwa mabega ya watu, kisha hupandishwa kilimani kwa njia ambayo kwanza uilime wewe mwenyewe. Nao wateja wake ni watu mia kadhaa ambao mwezi ukiwa mpevu huondoka, kwa sababu dagaa haivuliwi katika mbalamwezi. Biashara ya namna hiyo haijilipi, na ndiyo maana Bunge lilitunga mwaka 2006 sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara isiyokuwa na faida ichangiwe. Ukitaka kisiwa kiwe na mtandao, pigania mfuko huo upewe fedha. Usiitishie kampuni kunyang'anywa kilicholipiwa. Mwenye mtaji akiona kwamba alichokinunua kwa miaka 15 chaweza kuchukuliwa katika mwaka wa pili, mnada ujao atakuja na bei ya ubani.

FUNDI: Sikusema kunyang'anywa. Nimesema kuazimwa.

MHANDISI: Na azima huleta vurugu. Leo umeazima wewe, kesho ameazima jirani yako mwenye kifaa cha bei rahisi kisichopimwa na yeyote, na mwenye leseni anapowasha mtambo wake anakuta kelele. Nimekwisha kufukuzana na viongeza nguvu vya simu vinavyofungwa majumbani kienyeji. Mtu mmoja anapata mtandao sebuleni kwake, na mtaa mzima unaukosa. Lakini la simu ni dogo. Redio za FM zinaishia megahezi 108, na hapohapo zinapoishia ndipo masafa ya ndege yanapoanza. Je, kamati yenu ya kijiji itakayoazima hewa inalijua hilo?

Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo, maana jambo alilolitaja Mhandisi hulipita sikio la msomaji kama upepo, nalo ndilo moyo wa sababu ya kuwapo kwa kanuni. Chukua vituo viwili vya FM vilivyopandishwa kilima kimoja, mathalani kimoja katika megahezi 107.5 na kingine katika 101. Kila kimoja kiko ndani ya haki yake, wala hakuna aliyeiba cha mwenzake. Ila ikiwa mtambo mmojawapo ni duni, au umekosa kichujio, mawimbi yale mawili hukutana ndani yake na kuzaa wimbi la tatu ambalo hakuna aliyelikusudia: ukilirudufu la kwanza na kuliondolea la pili unapata 114, na 114 ni katika masafa yanayomwonyesha rubani njia. Mtangazaji yu studio anacheka na wasikilizaji wake, na rubani aliye juu ya ziwa anasikia muziki mahali alipotarajia ishara. Wasemao kwamba hewa ni ya Mungu na kila mtu aachiwe atangaze atakavyo hawajawahi kulifikiri jambo hili, na kwa hao sina subira. Fundi si miongoni mwao. Yeye alikubali kwa kichwa, akaongeza kwamba kichujio hicho anakijua na bei yake anaijua.

FUNDI: Dada, nakuunga mkono katika hilo la ndege kwa mikono miwili. Ila usiwaogofye watu kwa ndege ili wasiulize habari za kisiwa. Katika Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kiko kisiwa cha Idjwi, na watu wake mwaka 2016 walijengewa mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net, baada ya kungoja kampuni kwa muda mrefu. Hapa kwetu Kondoa wamejaribu mtandao wa jamii kwa kutumia nafasi tupu zilizo baina ya chaneli za televisheni. Kenya mwaka 2021 wakatunga utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii na wa kushirikiana masafa. Kwa hiyo azima yenye daftari na mipaka si ndoto ya kijana wa Igoma.

MHANDISI: Nawe usikate hadithi katikati. Mwaka huohuo wa 2013 tuliozimiwa analojia, Microsoft na Tume ya Sayansi na Teknolojia na kampuni ya UhuruOne walitangaza Dar es Salaam jaribio la hizo nafasi tupu za televisheni. Lilipambwa sana magazetini. Niambie leo ni nyumba gani hapa Mwanza inayopata intaneti kwa njia hiyo. Vifaa vilikuwa ghali, watengenezaji wachache, na mnunuzi wa simu ya kawaida hakuweza kuvipokea. Ruhusa peke yake haijengi mtandao.

Wakati huo ndipo alipotokea yule wa tano, mama muuza dagaa, ambaye alikuwa akingojea simu yake itiwe kioo kipya. Alisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," wakamwitikia, naye bila kuketi akawaambia kwamba hajui megahezi, ila anajua kwamba anapompigia mnunuzi wake kisiwani na kumpata, hununua kwa bei ya siku hiyo, na asipompata hutuma fedha kwa bei ya kukisia, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo ada ya shule ya wanawe. Akatoa noti, akachukua simu yake, akaenda zake sokoni. Wakili alijaribu kumjibu, lakini hakuwapo wa kujibiwa.

NAHODHA: Mimi nimenyamaza kwa sababu nyote mnasema habari za simu, na simu si chombo cha majini. Naomba mnisikilize kwa utaratibu wa wazee. Mwaka 1912, Titanic ilipokuwa ikizama, iko meli iliyokuwa karibu nayo, jina lake Californian. Mwendesha redio wake alikuwa amekwisha kuzima mtambo na kulala. Kwa msiba ule mataifa yakakubaliana kwamba yako masafa yasiyouzwa, wala hayakodishwi, wala hayafanyiwi mazungumzo ya porojo, na kwamba sikio liwe wazi usiku na mchana. Leo masafa hayo kwa vyombo vya karibu na pwani ni megahezi 156.8, chaneli ya 16, na ukilitamka neno la kuomba msaada katika chaneli hiyo, awe Mgiriki, awe Mhindi, awe Mkerewe, amelazimika kukujibu. Hakuna aliyeyanunua katika mnada wa Bwana Wakili. Sasa niulize: mvuvi wa dagaa anaondoka magharibi na taa zake, anarudi alfajiri. Je, ana redio ya chaneli 16? Hana. Ana simu aliyoitia ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, na kifuniko amekikaza ili isilowe. Mtumbwi ukipinduka, chupa inaelea vizuri sana. Na yeye aliye majini atazungumza vipi na simu iliyo ndani ya chupa?

FUNDI: Mzee, wako wanaonunua kwangu zile redio ndogo za mkono za Kichina. Zinafika katika megahezi hizo.

MHANDISI: Na hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Zinaweza kurusha popote, hata katika masafa ya watu wengine.

NAHODHA: Ndivyo, mwanangu. Kanuni inamjua mvuvi huyo kwa jina la mkosaji. Akikutwa na redio isiyoidhinishwa, yuko katika kosa. Akiwa hana redio kabisa, hayuko katika kosa, bali yuko katika hatari, na hatari haimo katika jedwali la faini. Mimi ningetaka kanuni mpya ianzie upande wa pili: redio ya baharini iliyoidhinishwa isitozwe ada ya leseni kwa mtumbwi wa mvuvi, wavuvi wa mwalo mmoja waandikishwe kwa fomu moja kupitia uongozi wao wa mwalo, na juu ya kilima pawe na antena na mtu aliye macho. Hesabu yake si ngumu. Redio iliyo mita 2 juu ya maji na antena iliyo mita 100 juu ya ziwa husikilizana hata kilometa 45 hivi, kama hapana kisiwa kilichokinga katikati. Mwanza kwa vilima ni tajiri. Mwaka 1996 tulizika hapa Igoma. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, wakafa watu 228. Sisemi kwamba redio ingeliwaokoa hao, maana vyombo vile vilikuwa na maradhi mengine, ya kujaza kupita kiasi na mengineyo. Nasema kwamba kila baada ya msiba tunaapa kuhusu mawasiliano ya ziwani, kisha kanuni ikifunguliwa tunazungumza bei ya intaneti.

WAKILI: Mzee, kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kimepangiwa Mwanza katika mradi wa pamoja wa nchi za ziwa. Usiseme hakuna linalofanywa.

NAHODHA: Kituo ni sikio. Namwuliza mwenye mdomo.

Hilo Wakili hakulijibu, akahamia mpakani, nami namfuata kwa haraka, kwa sababu huko wote walikubaliana. Ziwa hili takriban nusu yake ni la Tanzania, Kenya ina asilimia 6 tu, na iliyobaki ni ya Uganda. Lakini mawimbi hayasomi ramani, na juu ya maji husafiri mbali kuliko juu ya milima. Mnara wa nchi moja humwita mteja wa nchi nyingine, naye hushtuka baadaye kwa gharama. Tangu mwaka 2023 Kenya iliporuhusu intaneti ya setilaiti ya Starlink, upande wa pili wa maji dishi dogo linafungwa juu ya bati na kazi imekwisha, na kijana wa Rorya anaona kwa macho yake kwamba mpaka wa kanuni uko mahali ambapo mpaka wa mbingu haupo. Jumuiya ya mawasiliano ya Afrika Mashariki, EACO, iliyo na makao yake Kigali, ndiyo inayokutanisha wasimamizi wa nchi hizi. Na kama masafa ya ziwani hayatapangwa hapo kwa pamoja, kila nchi itakuwa ikipigia kelele jirani yake kwa leseni halali.

Mimi mwandishi rai yangu nimekwisha kuielemeza, na msomaji mwangalifu ameiona: kanuni zetu huuliza kwa ukali nani amelipa, na huuliza kwa upole nani anatumia. Sitaki mnada ufutwe. Nataka lile swali la pili liulizwe kwa sauti ileile ya lile la kwanza, na liulizwe kuanzia majini. Kwa sababu hiyo nilifurahi Fundi alipotoa karatasi na kumwomba Wakili aache kuhutubu, aandike kifungu.

Wakili aliandika kwamba fungu lolote lililouzwa ambalo kwa miezi 24 halijawashwa katika kata fulani litaweza kutumiwa na mwombaji mwingine katika kata hiyo, kwa kumbukumbu ya wazi, hadi mwenye leseni atakapowasha. Mhandisi akaongeza kwa mkono wake kwamba mwazimaji aondoke ndani ya siku 90 baada ya kupewa taarifa, kwamba kifaa chake kiwe kimeidhinishwa, na kwamba kelele yoyote iwe juu yake. Fundi alikubali, kisha akatia kidole juu ya neno "halijawashwa."

FUNDI: Nani atashuhudia? Kampuni itawasha mtambo siku ya ukaguzi.

MHANDISI: TCRA ina magari ya vipimo.

NAHODHA: Gari litapima barabara. Kata za Ukara zina maji mengi kuliko barabara. Vipimo vifanywe kwa boti, usiku wa giza, mahali dagaa inapovuliwa, na mtu ainue simu palepale mvuvi anapoinulia yake.

MHANDISI: Nakubali boti, mzee. Na mafuta ya boti hiyo yatatoka wapi? Maana kila kifungu kizuri katika nchi hii hufia kwenye mafuta.

Wakili, aliyeanza mkutano kwa kuisifu hazina, alifikiri, akasema kwamba kila mwenye leseni hulipa ada ya mwaka ili masafa yasimamiwe, na kwamba kupima ni kusimamia; kisha akaandika chini ya kifungu mstari wa nne, kwamba sehemu ya ada hiyo itatengwa kwa vipimo vya majini. Fundi akamtaka ataje sehemu hiyo ni ngapi kwa mia. Wakili akasema kiwango kitawekwa na waziri. Fundi akasema basi mstari huo bado haujaandikwa, akaichukua kalamu.